Kifaranga Niliyemharakisha

Mwaka 1974, nikiwa mwalimu kijana niliyetoka chuo cha ualimu si muda mrefu, nilipeleka darasani yai lililokuwa limeatamiwa siku 19. Kuku huatamia siku 21, na hilo nililijua. Lakini siku ya 21 iliangukia Jumapili, nami nilitaka wanafunzi wamwone kifaranga akitoka. Nikalibandua ganda kwa kisu kidogo. Kifaranga alikuwa hai, mdomo ukifunguka na kufumba. Lakini pale kitovuni, sehemu ya kiini cha njano ilikuwa bado inaning'inia nje, imezungukwa na mishipa ya damu. Alikufa kabla ya kengele ya mapumziko.

Msichana mmoja wa mstari wa mbele akauliza: "Mwalimu, tumbo lake lingejuaje kwamba siku imefika?" Nikamjibu kuwa ni maumbile, nikageuka kufuta ubao. Jibu lile limenisumbua kuliko kifo chenyewe, kwa sababu halikuwa jibu. Makala haya ni deni langu kwa yule mwanafunzi.

Watu walianza kulichungulia yai zamani sana. Aristotle, zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, alieleza jinsi moyo unavyoonekana baada ya siku tatu kama tone la damu linalodunda, na akatambua kuwa kiini cha njano huingia tumboni mwa kifaranga. Mwaka 1621 kilichapishwa kitabu cha Fabricius wa Padua kuhusu yai na kifaranga, yeye mwenyewe akiwa amekwisha kufariki. Mwaka 1673 Malpighi wa Bologna alichapisha aliyoyaona kwa hadubini. Wote hao walieleza kinachotokea na siku kinapotokea. Hakuna aliyeweza kusema ni nani anayetoa amri.

Fununu ya kwanza ilitoka kwa jogoo. Mwaka 1849, huko Göttingen, Ujerumani, Berthold aliwahasi majogoo wachanga, kisha baadhi yao akawarudishia korodani ndani ya tumbo, mbali na mahali pake na bila mishipa yake ya fahamu. Hao wakakua wakiwika na kupigana kama majogoo kamili. Ujumbe, basi, ulikuwa ukipita kwenye damu. Mwaka 1902, mjini London, Bayliss na Starling walikata mishipa yote ya fahamu ya kipande cha utumbo wa mbwa, wakatia asidi humo, na kongosho likatoa maji yake vilevile. Utumbo ulikuwa umetuma tarishi kwa njia ya damu. Mwaka 1905 Starling akawapa matarishi hao jina la homoni, kutoka neno la Kigiriki lenye maana ya kuamsha.

Je, utumbo unaotuma matarishi nao huamshwa na nani? Hapa ndipo anapoingia mwanamke mmoja, Florence Moog, wa Chuo Kikuu cha Washington kilichoko St. Louis, Marekani. Yeye aliupima utumbo mwembamba wa kifaranga aliye ndani ya yai, siku baada ya siku. Ukuta wa ndani wa utumbo huo huota vidole vidogo sana vya kunyonya chakula, na kwenye kingo zake hukaa vimeng'enya. Aliona kuwa kimeng'enya kimoja, ambacho kwa muda mrefu huwa kidogo tu, hupanda kwa kasi katika siku za mwisho kabla ya kuanguliwa. Mwaka 1955 yeye na mwenzake Richardson walichapisha matokeo ya kuwapa viinitete homoni za tezi zilizo juu ya figo, yaani jamii ya kortisoni: utumbo ulikomaa kabla ya siku zake. Mwaka 1963 Hinni na Watterson walikwenda upande wa pili. Waliondoa mapema sehemu ya kichwa cha kiinitete yenye chimbuko la tezi ya pituitari, ile inayoziamuru tezi nyingine, na utumbo ukachelewa kukomaa. Homoni ya tezi ya shingo, thairoksini, nayo ikaonekana kuwa na sauti katika shauri hilo.

Tusizidishe sifa za homoni. Mwaka 2013 ilionyeshwa kwamba vile vidole vya utumbo wa kifaranga huanza kwa mikunjo, pale misuli inayouzunguka utumbo inapoubana utando wa ndani unaokua. Kwa hiyo nyumba hujengwa na mafundi wengine. Homoni hupiga mbiu kwamba wageni wako njiani. Na wakati utumbo unajiandaa, kiini kilichobaki huvutwa tumboni kati ya siku ya 19 na ya 20. Ndiyo akiba inayomwezesha kifaranga wa siku moja kusafiri ndani ya boksi bila kula.

Jambo hili si la kuku peke yao. Mwaka 1969 Liggins wa Auckland, New Zealand, aliona kondoo waliozaliwa mapema mno wakipumua kuliko ilivyotarajiwa, kwa kuwa walikuwa wamepewa homoni za jamii hiyohiyo ya kortisoni. Mwaka 1972 yeye na Howie walitoa matokeo kwa binadamu: mama anayekaribia kujifungua kabla ya wakati akichomwa sindano ya dawa hiyo, mapafu ya mtoto hukomaa upesi. Mjukuu wangu alizaliwa hivyo, na mama yake alichomwa sindano hiyo. Nesi aliponieleza kazi yake, nilimkumbuka msichana wa mstari wa mbele, na hapo ndipo nilipoanza kusoma haya niliyoyaandika.

Waswahili tunasema haraka haraka haina baraka. Methali hutuambia tungoje, lakini haituambii tunangoja nini. Kifaranga wangu alikuwa akingoja siku mbili ili kazi iliyokuwa imekwisha kuanza imalizike: utumbo ukomae na akiba iingie ndani. Mimi nilimpunguzia siku hizo kwa sababu ya ratiba ya vipindi. Na mtoto wa watu, aliyekuwa ameuliza swali lililowashughulisha wataalamu kwa miaka mingi, nilimnyamazisha kwa neno moja. Ningepewa darasa lile tena, ningesema: "Sijui, mwanangu, lakini swali lako ni zuri, tulitafute jibu pamoja." Na yai ningeliacha chini ya mama yake.