Tsavoraiti: Kito cha vanadi kisichozaliwa na volkeno

WAKAZI wa Nakuru hawahitaji kwenda mbali ili kuona kazi ya moto wa ardhini. Kaskazini mwa mji wao ipo Menengai, shimo la volkeno lenye upana wa takriban kilomita 12. Huko Eburru, karibu na Naivasha, kuna mawe meusi yanayong'aa kama kioo, na Kariandusi, karibu na Gilgil, huchimbwa udongo mweupe mwepesi uliotokana na viumbe vidogo mno vya ziwa la kale. Ni rahisi basi kudhani kuwa ardhi ya namna hii haikosi vito vya thamani.

Hata hivyo, kito mashuhuri zaidi cha Kenya, tsavoraiti, hutafutwa mamia ya kilomita kutoka hapo, katika Kaunti ya Taita Taveta. Sababu yake ni umri na asili ya mawe, na anayeielewa ataepuka kupoteza jasho na fedha zake mahali pasipofaa.

Sifa zake

Tsavoraiti ni ganeti ya kijani. Umbo lake la kikemia hujengwa kwa kalsiamu, alumini, silikoni na oksijeni. Ganeti ya aina hii ikiwa safi haina rangi. Rangi ya kijani hutokea pale chembe chache za alumini zinapoondoka na nafasi yake kuchukuliwa na vanadi, mara nyingi pamoja na kromi kidogo.

Vanadi ni metali ambayo viwandani huongezwa kwenye feleji ili kuiimarisha. Ndani ya kito huhitajika kwa kiasi kidogo tu, lakini kiasi hicho ndicho hutenganisha jiwe la kawaida na jiwe la kupamba pete.

Ugumu wa tsavoraiti ni kati ya 7 na 7.5 katika kipimo cha Mohs, na uzito wake ni takriban mara 3.6 ya uzito wa maji ya ujazo uleule. Huupinda mwanga kuliko zumaridi, na ndiyo maana humetameta zaidi. Aidha, kwa kawaida hakipashwi moto wala kutiwa mafuta ili kupendezeshwa. Upungufu wake ni udogo: mawe safi yanayozidi karati tano baada ya kukatwa ni adimu.

Jinsi kinavyofanyika

Historia ya kito hiki ilianzia baharini. Zamani sana, tope jeusi lenye mabaki mengi ya viumbe lilitua kwenye maji ya kina kifupi yaliyokosa hewa. Mabaki hayo yana tabia ya kunasa vanadi iliyomo majini, hivyo metali hiyo ikakusanyika kidogo kidogo ndani ya tope, pamoja na chumvi na chokaa za bahari.

Kisha, kati ya miaka milioni 650 na 550 iliyopita, mabara ya kale yaligongana na bahari iliyokuwa kati yao ikafungika. Mgongano huo ulijenga safu ya milima ambayo mizizi yake leo huitwa Mkanda wa Msumbiji. Mkanda huo unapita Kenya na Tanzania hadi Msumbiji na Madagaska.

Tope lile lilisukumwa chini sana na kupikwa kwa joto la takriban nyuzi 600 za Selsiasi, bila kuyeyuka. Mabaki ya viumbe yakageuka kinywe, yaani grafaiti, na chokaa ikawa marumaru. Kalsiamu, alumini na silikoni zilipoungana, vanadi iliyokuwa karibu iliingia ndani yake na ganeti ya kijani ikazaliwa. Ndiyo sababu wachimbaji wa Taita hufuata tabaka la mawe yenye kinywe, wakitafuta mabonge yanayofanana na viazi.

Kwa nini si Nakuru

Mawe yanayoonekana Nakuru ni machanga mno yakilinganishwa na hayo. Menengai yenyewe inakadiriwa kuanza kujengeka takriban miaka 200,000 iliyopita. Lava na majivu ya Bonde la Ufa yameyafunika mawe ya kale kwa tabaka nene, ilhali huko Taita mvua na upepo vimeparuza milima hadi mizizi yake ikajitokeza. Isitoshe, vanadi kidogo iliyomo kwenye lava hutawanyika ndani ya madini ya chuma, wala haikusanyiki kama ilivyokuwa kwenye tope la bahari.

Ndugu zake Tanzania

Mwanajiolojia Campbell Bridges aliipata ganeti hii kaskazini mwa Tanzania mwaka 1967, kisha akaipata Kenya mapema miaka ya 1970. Mwaka 1974 kampuni ya Tiffany ya Marekani iliitangaza kwa jina linalotokana na Tsavo. Huko Merelani, Tanzania, vanadi ndiyo pia huipa tanzanaiti rangi yake ya buluu. Mwaka 2016 wanasayansi walitangaza madini mapya kutoka hapo, merelaniiti, ambayo vanadi ni sehemu ya umbo lake.

Thamani ya kito hiki imeleta pia maafa. Bridges aliuawa Agosti 2009 karibu na Voi, baada ya mgogoro wa muda mrefu kuhusu eneo la machimbo. Sheria ya Madini ya 2016 iliagiza mrabaha ugawanywe: asilimia 70 kwa serikali ya kitaifa, 20 kwa kaunti na 10 kwa jamii ya eneo husika. Sheria hiyo pia huwataka wachimbaji wadogo wawe na kibali.

Kwa anayeokota jiwe la kijani kando ya mto Nakuru, la busara ni kulitazama kwanza kwa lenzi. Vipovu vya mviringo huashiria kioo, kiwe cha chupa au cha volkeno. Jiwe lisiloweza kukwaruza kioo cha dirisha si ganeti. Likifaulu majaribio hayo bado halijawa tsavoraiti, kwani hata kwozi hukwaruza kioo. Mwenye kutoa hukumu ni mtaalamu wa jiolojia, wala si dalali.