Kura Moja ya Chake Chake: Bibi Zetu na Siasa ya Visiwa Vyetu



Hapa tumezoea kuzungumza mishono, singo na hina. Leo tunaomba tuzungumze siasa. Tunajua wapo watakaosema hayo ni mambo ya wanaume. Lakini ukiifuata historia ya Unguja na Pemba utaona bibi zetu hawakukaa pembeni. Walianza na yale yaliyowagusa wenyewe: uhuru wao, nguo zao, nyumba zao. Kura ilikuja mwisho.

Tuanze na uhuru. Mwaka 1897 ilitoka amri ya kuondoa utumwa visiwani kwetu. Amri ile haikuwahusu masuria. Wao walingoja hadi 1909, miaka 12 mizima. Sheria iliandikwa bila ya wao kuulizwa, na wao ndio walioachwa nje. Hilo ndilo somo la kwanza la siasa: anayekosekana pale mambo yanapoamuliwa, husahauliwa.

Wengi waliopata uhuru walihamia mjini, upande wa Ng'ambo. Sisi watu wa cherehani tunaipenda sana sehemu hii ya historia, kwa sababu mabadiliko yalionekana kwenye nguo. Kaniki ilikuwa vazi la mtumwa na la masikini. Mwanamke aliyekuwa huru alijinunulia kanga, na baadaye akavaa buibui kama bibi mwengine yeyote wa mjini. Hakuhitaji kusema kitu. Nguo yenyewe ilimsemea kuwa na yeye ni mtu wa mji huu.

Kisha ikaja habari ya nyumba. Wanawake wengi wa Ng'ambo walikuwa na nyumba zao wenyewe, wamejenga kwa jasho lao. Tatizo ni kuwa nyumba ilikuwa yako lakini kiwanja ni cha mtu, na kila mwezi unadaiwa kodi ya ardhi. Wenye viwanja wakawa wanaipandisha. Mwaka 1928 watu wa Ng'ambo wakagoma kulipa, na wanawake walikuwa mstari wa mbele kabisa. Mwisho serikali ya Kiingereza ikalazimika kutunga sheria ya kudhibiti kodi zile.

Ukitaka kujua uchumi, serikali na siasa ni nini, huna haja ya kwenda mbali, angalia mgomo ule. Pesa inayotoka mfukoni mwako kulipia kiwanja ni uchumi. Anayeweka sheria ya kodi ni serikali. Majirani kuungana na kusema "hatulipi" ni siasa. Wengi wao hawakuwa wamesoma hata siku moja: skuli ya serikali ya wasichana ilifunguliwa 1927 tu, mwaka mmoja kabla ya mgomo.

Kura ilichelewa zaidi. Uchaguzi wa kwanza Zanzibar ulifanyika Julai 1957, kwa viti 6 vya Baraza la Kutunga Sheria. Waliopiga kura ni wanaume peke yao, tena wenye umri wa miaka 25 na zaidi na waliotimiza masharti mengine. Wanawake wakadai haki hiyo, wakapewa, na Januari 1961 wakapiga kura kwa mara ya kwanza.

Sasa sikilizeni, dada zetu. Januari ile viti vilikuwa 22. Afro-Shirazi walipata 10, Hizbu 9 na ZPPP 3. Kiti cha Chake Chake kilipatikana kwa tofauti ya kura moja. Moja tu! Wale watatu wa ZPPP wakagawika, wawili upande huu na mmoja upande ule, ikawa 11 kwa 11 na serikali haikuweza kuundwa. Ikabidi uchaguzi urudiwe Juni, kikaongezwa kiti cha 23, na zikatokea fujo zilizoua watu 68. Allah awarehemu. Hatuandiki haya ili kuamsha chuki, kwani kila nyumba ina kilio chake. Tunaandika kwa sababu huenda kura ile moja ilikuwa ya mama aliyeacha chungu jikoni akaenda, au ilikosekana kwa mama aliyebaki nyumbani akisema, "Yangu itabadilisha nini?"

Baada ya Mapinduzi ya 1964, uchaguzi wa vyama vingi haukuwepo tena hadi 1995. Kwa hiyo haki hii mama zetu waliionja kidogo tu, kisha wakaingoja miaka zaidi ya 30.

Na dini yetu haikumsahau mwanamke katika jambo hili. Wanawake walimpa Mtume (S.A.W.) bay'a kwa nafsi zao, na habari hiyo imo katika Surat Al-Mumtahina, aya ya 12. Hawakuwakilishwa na waume zao.

Kwa maharusi tuna mawili. La kwanza, ukiolewa ukahama, jina lako la mpigakura halikufuati lenyewe kama sanduku la nguo. Nenda kwa sheha wa unakohamia, ulizia masharti ya ukaazi na namna ya kuhamisha taarifa zako, na ulizie mapema.

La pili ni zito. Baada ya uchaguzi wa 2015 ziliripotiwa habari za wanawake wa visiwani kupewa talaka kwa sababu ya kura. Ndoa kuvunjwa kwa karatasi inayotumbukizwa kwa siri! Basi kabla ya nikaha, mnapozungumza mahari na pa kuishi, lizungumzeni na hili. Muulize kwa upole: tukitofautiana chama, tutaishi vipi? Jibu lake litakufundisha mengi kuliko zawadi zote za posa.

Allah awajaalie ndoa zenye mapenzi na huruma. Amin.