Mirambo na Njia ya Pembe

Mapipa matano ya baruti, bunduki tano, marobota matano ya nguo. Hiyo ndiyo hongo, yaani ushuru wa njia, Mirambo, mtemi wa Urambo, aliyoutoza mwaka 1871 msafara wa Waarabu uliotoka Tabora kwenda Ujiji. Wakalipa. Alipokwisha kupokea, akawaamuru warudi walikotoka: njia imefungwa.

Unyanyembe, nchi iliyozunguka Tabora, ikawaka hasira. Tabora iliishi kwa njia hiyo. Wapagazi wa Kinyamwezi walishuka pwani Bagamoyo na pembe za ndovu, mwendo wa miezi mitatu hivi, wakapanda na nguo za marekani na kaniki, na shanga. Hongo ilikuwa desturi. Kila mtemi njiani alidai yake. Lakini mtemi Mnywa Sere alipowatoza Waarabu pale pale Unyanyembe, walimng'oa, wakamtawaza Mkasiwa, na vita vikaendelea hadi Mnywa Sere alipouawa mwaka 1865.

Mirambo hakung'oleka. Agosti 1871 Waarabu walimwendea kwa jeshi, na mwandishi wa habari Henry Morton Stanley, aliyekuwa akimtafuta mpelelezi Livingstone, akafuatana nao. Walikiteka kijiji cha Wilyankuru, wakabeba pembe na mateka. Walipokuwa wakirudi wameelemewa na mizigo, Mirambo na rugaruga, askari wake, waliojificha majanini kando ya njia, wakawashukia.

Hivyo hivyo ndivyo baharia Mwingereza Francis Drake alivyofanya huko Panama mwaka 1573, alipouvizia msafara wa nyumbu uliobeba fedha ya Wahispania kuvuka nchi kavu. Malkia wake alimpa cheo cha heshima mwaka 1581. Mirambo, aliyekuwa katika nchi yake mwenyewe, Stanley alimwandika jambazi. Jina hilo halimstahili.

Tarehe 22 Agosti 1871 Mirambo alifika hadi Tabora. Mwarabu Khamis bin Abdallah aliuawa, nyumba zikachomwa, na Stanley akajizatiti ndani ya nyumba yake, tembe la Kwihara, karibu na Tabora. Baadaye ilimbidi azungukie kusini ndipo afike Ujiji.

Kumbe Mirambo hakutaka njia ife. Alitaka ipite kwake. Walipopatana na Waarabu mwaka 1875, misafara ilirudi. Mwaka uliofuata Stanley huyo huyo alichanjiana naye damu, wakawa ndugu. Wamisionari wa London nao wakakaribishwa Urambo.

Mirambo alifariki tarehe 2 Desemba 1884, na dola yake ikasambaratika upesi. Reli ilifika Tabora mwaka 1912, Kigoma mwaka 1914, ikawapokonya wapagazi kazi yao. Ukitoka Tabora kwenda Kigoma, treni hupita Urambo.