Lebo katika programu za simu: Makongeni ya Thika si ya Nairobi

Lebo ni neno au kifungu cha maneno ambacho programu ya simu hukigeuza kuwa kijisanduku kimoja ndani ya sehemu ya kuandikia, kikiwa na alama ya kukifuta. Hufaa palipo na majibu kadhaa, mathalani maeneo anayohudumia mwendeshaji bodaboda kati ya Thika na Ruiru.

Kosa la kawaida la waundaji ni kuruhusu kitufe cha nafasi kifunge lebo. Jina kama Blue Post, mjini Thika, hukatika vipande viwili visivyo na maana. Heri mkato au kitufe cha kuingiza ndicho kifunge. Aidha, "ruiru" na "Ruiru" sharti zihesabiwe kuwa lebo moja.

Hatari kubwa zaidi imo katika majina yanayofanana. Mtaa wa Makongeni upo Thika, na mwingine upo Nairobi. Programu ikihifadhi herufi pekee, kifurushi huweza kupelekwa takriban kilomita 40 kutoka kwa mwenyewe. Kwa hivyo, mtumiaji anapoanza kuandika, aonyeshwe orodha inayotenganisha Makongeni ya Thika na ya Nairobi, na kila lebo ihifadhiwe pamoja na nambari ya utambulisho wa mahali penyewe.