Mafundi wa Mto Clyde

Wazee wa Unguja waliisimulia kwa miaka mingi ile meli ya Sayyid Barghash iliyokuwa ikitia nanga mbele ya Beit al-Ajaib. Kimbunga cha Aprili 1872 kilikuwa kimeangamiza merikebu za Sultani, na ndipo akaagiza chombo kipya Uingereza, cha mfano wa manowari moja ya Kiingereza iitwayo Glasgow. Kiliundwa na William Denny na nduguze mjini Dumbarton, kando ya Mto Clyde, kikashuliwa mwaka 1878, nacho kikaitwa Glasgow. Tarehe 27 Agosti 1896, katika vita vya Khalid bin Barghash vilivyomalizika kabla ya saa moja kutimia, mizinga ya Waingereza ilikizamisha papo hapo bandarini. Milingoti yake ikabaki juu ya maji miaka na miaka.

Mto huo wa Clyde, huko Uskoti, ndio uliowapa watu wake riziki kwa kuunda meli. Mji wa Clydebank hata jina lake ulilipata kwa kiwanda: waunda meli walihamia hapo mwaka 1871 palipokuwa mashamba matupu, nyumba zikafuata, kisha makanisa, shule na maduka. Katika kiwanda hicho, kilichokuja kumilikiwa na John Brown, ziliundwa Queen Mary, Queen Elizabeth na Queen Elizabeth 2. Mtoto wa kiume alipofikia umri wa miaka kumi na mitano, mara nyingi aliifuata njia ya babake hadi langoni, akaanza uanagenzi wa uhunzi, useremala au uchomeaji vyuma. Mabomu ya Wajerumani ya Machi 1941 yaliubomoa karibu mji mzima, lakini kazi iliendelea.

Baada ya vita, viwanda vya Japani na vya nchi nyingine za Ulaya vikaanza kuunda meli kwa bei nafuu na kwa muda mfupi zaidi. Wenye viwanda vya Clyde, walioridhika na sifa za zamani, hawakutia fedha za kutosha katika mitambo mipya. Denny, aliyeunda meli ya Sayyid, alifunga mwaka 1963. Mwaka 1968 serikali ya chama cha Labour iliviunganisha viwanda vitano kuwa kampuni moja, Upper Clyde Shipbuilders, nayo ikachukua karibu nusu ya hisa. Ilikuwa ndoa ya maskini watano. Kila mmoja alikuja na madeni yake, na mikataba mingine ilikuwa imesainiwa kwa bei isiyotosha hata gharama za kuunda.

Mwaka 1970 Edward Heath na chama chake cha Conservative walishika serikali, wakiapa kwamba hazina haitaziokoa tena kampuni zinazochechemea. Kampuni ya Clyde iliomba mkopo wa pauni milioni 6, ikakataliwa. Na mwezi Juni 1971 ikakabidhiwa mfilisi. Tarehe 29 Julai waziri John Davies alitangaza bungeni kwamba kati ya wafanyakazi wapatao 8,500 wangebaki 2,500 tu. Clydebank ingefungwa. Ikumbukwe kwamba miezi michache tu nyuma serikali hiyohiyo ilikuwa imeitaifisha Rolls-Royce ilipofilisika. Basi kile kiapo kilikuwa kimekwisha kupata ufa.

Wengi walitarajia mgomo. Lakini mgomo dhidi ya mtu anayetaka kufunga mlango ni kumsaidia kuufunga. Wajumbe wa wafanyakazi, wakiongozwa na Jimmy Reid, Jimmy Airlie, Sammy Barr na Sammy Gilmore, waliamua kinyume chake: watafanya kazi. Tarehe 30 Julai walishika malango ya kiwanda, na ikawa haingii mtu wala hakitoki kitu ila kwa ridhaa yao. Anayepewa barua ya kuachishwa aliambiwa arudi Jumatatu kama kawaida, ashike nyundo yake. Mshahara wake ungetoka katika mfuko wa pamoja, ambao kila aliyebaki kazini aliuchangia peni 50 kwa juma. Reid aliwaonya wenzake kwamba dunia nzima inawatazama: pasiwe na fujo, wala uharibifu, wala ulevi. Onyo hilo la ulevi, kwa wanaume wa Clyde, halikuwa jambo dogo.

Nguvu yao ilikuwa katika uamuzi huo. Serikali ilikuwa tayari kupambana na wavivu na wakorofi; haikujua la kufanya na mafundi waliokuwa wakikamilisha meli za watu. Mfilisi mwenyewe alizihitaji meli zile zimalizike ili zilipiwe, hivyo akavumilia.

Nje ya malango, jambo lilikuwa la mji mzima. Mwenye duka alijua kuwa mfanyakazi akikosa mshahara naye atakosa mnunuzi. Tarehe 18 Agosti 1971 watu wapatao 80,000 waliandamana katika barabara za Glasgow, na michango ikaja kutoka migodini, viwandani na nchi za ng'ambo. John Lennon na Yoko Ono walileta pauni 5,000. Husimuliwa kwamba jina la Lennon lilipotajwa mkutanini, mzee mmoja alidhani ni Lenin, akastaajabu, maana alijua kwamba huyo alikwisha kufa zamani.

Januari 1972 wasio na kazi Uingereza walipita milioni moja, na wachimba makaa wakagoma. Mwezi uliofuata serikali iligeuka: ilitoa pauni milioni 35 kwa kampuni mpya ya Govan, Linthouse na Scotstoun. Clydebank ikauzwa kwa kampuni ya Marathon ya Texas, iliyounda mitambo ya kuchimbia mafuta baharini. Oktoba 1972 wajumbe wakaufunga rasmi mpango wao.

Wapo wanaouita ushindi kamili, na huko ni kutia chumvi. Wengine walichoka wakatafuta kazi kwingine kabla ya mwisho, na mji uliozoea kushua meli za kifalme ukawa unaunda majukwaa ya chuma. Hata hivyo, maelfu ya nyumba zilipata mshahara kwa miaka ambayo walikwisha kuandikiwa njaa. Kiwanda cha Clydebank kilifungwa mwaka 2001. Imebaki winchi kubwa ya Titan, ya mwaka 1907, imesimama peke yake ukingoni.

Reid alifariki Agosti 2010. Kule Govan, alikozaliwa, chuma kiliendelea kukatwa: Julai 2017 ilianza kazi ya manowari mpya ya jeshi la Uingereza, na mwishoni mwa 2022 ikaelea majini. Jina lake ni Glasgow.