Kutoka Buigiri hadi Katumba: Elimu Maalumu na Watoto wa Rungwe

Mtoto asiyeona wa Rungwe katikati ya miaka ya 1950 alikuwa na shule moja tu ya kumpokea katika Tanganyika nzima, nayo ilikuwa Buigiri, mashariki ya mji wa Dodoma. Kanisa la Anglikana liliifungua mwaka 1950 na kuipa jina la Wilson Carlile, mwasisi wa Jeshi la Kanisa huko Uingereza. Mzazi wa Kinyala aliyetaka kumpeleka mwanawe huko alipaswa kupanda naye hadi Mbeya, aende Iringa, kisha akate kaskazini. Wengi hawakuwahi hata kusikia kwamba shule hiyo ipo.

Si kwamba Rungwe ilikosa shule. Wamoravian walifika chini ya Mlima Rungwe mwaka 1891, na Walutheri wa Misheni ya Berlin wakaingia Unyakyusa mwaka huohuo. Wajerumani walipoifanya Tukuyu kuwa boma lao na kuiita Neu Langenburg, kusoma na kuandika tayari kulikuwa kumeanza migombani. Lakini elimu maalumu haikufuata ramani ya misheni hizo. Baada ya Buigiri zikaja Furaha ya Tabora mwaka 1962, Irente ya Lushoto na shule ya viziwi ya Tabora mwaka 1963, kisha Masasi mwaka 1964. Zote ni za makanisa, na hakuna hata moja iliyokaribia Mbeya. Serikali ilipoanza kulipa mishahara ya walimu wa shule hizo, ililipa pale majengo yalipokwishasimama. Urithi huo bado tunao: fedha ya umma imezoea kulifuata bweni kuliko kumfuata mtoto.

Njia ya pili ilianzia Dar es Salaam miaka ya 1960, pale Shule ya Msingi Uhuru Mchanganyiko ilipoanza kuwasomesha wasioona pamoja na wenzao wanaoona. Hapo ndipo lilipopata nguvu wazo la kitengo, yaani darasa au bweni la elimu maalumu ndani ya shule ya msingi ya kawaida. Kitengo ni rahisi kuliko shule mpya, na kilifaa nchi ambayo kwa Sheria ya Elimu ya 1978 ilikuwa imewalazimisha wazazi wote kupeleka watoto shule. Rungwe ina mfano wake katika Shule ya Msingi Katumba II, inayopokea watoto wenye ulemavu wa aina mbalimbali, nao hulala hapohapo shuleni. Mahali penyewe pana maana yake. Katumba ndiyo njia panda inapochepuka barabara ya Lwangwa na Mbambo kutoka barabara kuu ya Mbeya na Kyela, kwa hiyo mtoto wa Busokelo na yule wa upande wa Kiwira wote hufikia hapo bila kupelekwa mkoa mwingine.

Anayedhani kitengo ni vyumba na vitanda aitazame mashine moja ya nukta nundu ya Perkins. Ina vitufe sita, kimoja kwa kila nukta, na kipana cha katikati cha kuachia nafasi. Ni ya chuma na ina uzito wa karibu kilo tano. Mtoto wa darasa la tatu huibeba kwa mikono miwili. Haili karatasi ya daftari, inataka karatasi nene. Unyevu wa Rungwe, ambako mvua ya mwaka hupita milimita 2,000, hauna huruma na chuma wala karatasi. Mashine ikikwama kitufe, fundi hapatikani sokoni Tukuyu. Vitabu vya kiada vya nukta nundu navyo kwa miaka mingi vilitegemea kiwanda cha uchapaji kilichoko Uhuru Mchanganyiko, karibu kilomita 900 kutoka hapa. Ndiyo maana uratibu, neno linalochosha masikio kwenye semina, kwa mwalimu wa kitengo ni jambo la mkononi kabisa: nani anatuma karatasi, kwa gari gani, na zitafika muhula upi.

Jirani zetu walianzia upande mwingine. Mwaka 1984 Kenya, kwa msaada wa Denmark, ilianzisha vituo vya upimaji na nyenzo katika wilaya zake, na mwaka 1986 ikafungua taasisi ya taifa ya elimu maalumu, KISE, Nairobi. Uganda ilifuata mkondo huo mwanzoni mwa miaka ya 1990. Kituo cha namna hiyo hakikuwa shule. Mzazi anamleta mtoto, mwalimu aliyefunzwa anamvika visikizi, na kila mtoto anaposikia mlio anadondosha kipande cha ubao kwenye boksi. Kisha mzazi anaambiwa kama mwanawe anaweza kukaa dawati la mbele katika shule ya kijijini, anahitaji kifaa cha usikivu, au anahitaji shule ya viziwi. Bweni linakuja mwisho, tena si kwa kila mtoto.

Tanzania nayo ina walimu wanaoijua kazi hiyo. Chuo cha Ualimu Patandi, Arusha, kimewafunza kwa miongo kadhaa, na mikakati ya taifa ya elimu jumuishi imetoka moja baada ya nyingine tangu ule wa 2009–2017. Sheria ya Watu wenye Ulemavu Namba 9 ya 2010 inasema wazi kwamba mtoto mwenye ulemavu ana haki sawa ya elimu. Shida iko kwenye maungio. Sera na mitaala ni ya Wizara ya Elimu. Shule ziko chini ya TAMISEMI na halmashauri. Kupima macho na masikio ni kazi ya hospitali, ambayo kwa Tukuyu ni Makandana. Na hali ya nyumbani kwa mtoto huulizwa afisa ustawi wa jamii. Hawa wote hukutana mezani kwa mtu mmoja, afisa wa elimu maalumu wa halmashauri. Kwa maoni yangu ofisi hiyo moja ndiyo kituo chenyewe, iwe ina kibao mlangoni au haina. Ikikosa usafiri, sera yote husimama mjini.

Mabweni hayastahili kubezwa hata hivyo. Mauaji ya watu wenye ualbino yalipoutisha umma kuanzia miaka ya 2006 na 2007, serikali ilikimbilia shule za bweni kama Buhangija ya Shinyanga na Mitindo ya Misungwi ili kuwaficha watoto. Ukuta uliokoa maisha. Lakini pia uliwakuza watoto mbali na mama zao kwa miaka, na vitengo vilivyojengwa kufundisha vikageuka kambi zilizofurika.

Tangu Januari 2016, elimu bila ada imeleta fedha moja kwa moja kwenye akaunti za shule, na wazazi wengi hawana tena kisingizio cha ada. Kinachobaki Rungwe ni kalenda. Uandikishaji wa darasa la kwanza hufanyika kuanzia Oktoba, mvua inakuja Novemba, na hadi Mei njia za Kinyala, Suma na Masukulu ni tope. Atakayesubiri dirisha la uandikishaji ndipo aende kuwatafuta watoto wasioonekana atawakuta wale tu walio kandokando ya lami. Kazi hiyo ni ya Juni hadi Septemba, kukiwa na baridi lakini njia zikiwa kavu, na bajeti yake lazima iwe imeombwa kwenye vikao vya mwanzo wa mwaka.