Historia ya Land Rover ya Chama, na Jinsi Injini Yake Ilivyofunguliwa

Katika kitabu hiki cha kuadhimisha miaka kumi ya Chama chetu, wenzetu wameandika habari za mizani, maghala na bei za mazao. Sisi tumepewa kazi ya kuandika habari za motokaa, yaani ile Land Rover kuukuu ambayo kila mwanachama wa Katumba Songwe huitambua kwa mlio kabla hajaiona. Huenda msomaji akauliza: gari moja lililochakaa lina historia gani hata liandikwe kitabuni? Twajibu kwamba linayo, na ndani yake mna jambo linalohusu fedha ya kila mkulima.

Land Rover ya kwanza ilionyeshwa hadharani mjini Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948. Vita Kuu ya Pili ilikuwa imekwisha miaka 3 tu, na chuma kilikuwa adimu Uingereza. Kwa hiyo kampuni ya Rover ilitengeneza bodi ya gari hilo kwa alumini. Bwana Maurice Wilks, mkuu wa wahandisi wa kampuni hiyo, alikuwa akitumia jeep ya Kimarekani shambani kwake, nayo ndiyo iliyompa wazo. Gari hilo lilikusudiwa hasa wakulima, lakini halikukawia kufika Tanganyika, likawa gari la mabwana shamba, wamisionari na watumishi wa serikali. Mwaka 1958 ilitoka injini ya petroli ya lita 2.25, yenye silinda 4, kila silinda ikiwa na upana wa milimita 90.47. Injini ya ukubwa huo iliendelea kutumika, ikirekebishwa hapa na pale, hata magari ya Series III yalipokoma kuundwa mwaka 1985. Gari letu ni la Series III, na twajua kwamba injini yake iliundwa kabla ya 1980, kwani krenki yake hushikwa na beringi kuu 3, ilhali za baadaye zina 5.

Nchi yetu ya Kyela ni nchi ya mpunga na kakao, nayo haina huruma kwa mashine. Wakati wa masika mito hufurika na udongo hunata kama ulimbo. Wakati wa kiangazi barabara za vijijini hutoa vumbi jembamba linalopenya kila mahali. Tena anayetaka kwenda Mbeya hana budi kupanda kutoka ufukwe wa Ziwa Nyasa, ulio juu ya bahari kwa mita 500 hivi, hadi nyanda za Tukuyu, zilizo juu ya mita 1,500. Ni katika kupanda huko ndipo injini yetu ilipoonyesha ugonjwa wake. Ilitoa moshi wa buluu, ikala oili, na nguvu zikaisha hata gari tupu likapanda kama lililojaa magunia.

Katika mkutano maneno yalikuwa mengi. Wengine walisema gari liuzwe kama chuma chakavu. Wengine walitaka injini itupwe na kutiwa nyingine ya Kijapani, kama walivyofanya wenye Land Rover wengi nchini. Mzee mmoja, mkulima wa mpunga, akauliza swali moja tu: “Mmepima nini?” Tukanyamaza, maana hatukuwa tumepima kitu.

Basi fundi akaitwa, akapima mgandamizo wa kila silinda. Tatu zilikaribiana, lakini moja ilikuwa chini sana. Akaitia oili kidogo, akapima tena, na kipimo kikapanda. Akatueleza kwamba ingekuwa vali ndizo zinazovuja, oili isingaliponya. Kwa kuwa oili imeziba, ubovu uko kwenye ringi na kuta za silinda. Ndipo tulipokubali injini ishushwe.

Kazi ya kufungua ilikwenda kwa utaratibu. Kila kifuniko cha beringi kilitiwa alama ya mahali pake, kwa sababu vifuniko hivyo vilichongwa pamoja na bloku yake, na kimoja hakifai mahali pa kingine. Silinda zilipimwa juu, katikati na chini, zikaonekana zimepanuka zaidi karibu na juu, mahali ringi zinapogeukia na joto linapozidi. Krenki ilikuwa na mikwaruzo. Fimbo ya kamu ilikuwa nzima. Silinda hedi haikupinda. Baada ya kupima ndipo pistoni zilipoagizwa, kubwa kuliko za asili kwa sehemu 20 za elfu ya inchi, na silinda zikachongwa mjini Mbeya kuzifuata pistoni hizo. Anayenunua spea kabla ya kupima hununua mara mbili.

Lakini lililotuumiza ni chanzo cha ubovu. Mpira unaoleta hewa kutoka kwenye kichujio hadi kabureta ulikuwa umepasuka. Vumbi la kiangazi liliingia kwa ufa ule bila kuchujwa, likasaga silinda kama msasa. Dereva alikuwa ameuandika ufa huo katika daftari la gari, nasi viongozi tulitia sahihi ukurasa ule bila kuusoma. Hatuwezi kumlaumu mwingine. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta huu ulijengwa kwa fedha ya wanachama.

Kisa hiki kinatukumbusha historia kubwa zaidi. Sheria ya kwanza ya ushirika ya Tanganyika ilitungwa mwaka 1932, na mwaka uliofuata chama kikuu cha wakulima wa kahawa cha Kilimanjaro kikaandikishwa. Vyama vikaenea nchini, vingine vikafanya kazi njema, vingine vikaingiwa na uzembe na wizi. Mwezi Mei 1976 vyama vikuu vyote vilivunjwa, vizima pamoja na vibovu, na kazi yao ikapewa mamlaka za mazao na vijiji. Ilibidi sheria ya mwaka 1982 ivirudishe, na ile ya 1991 ikasisitiza kwamba chama ni mali ya wanachama wenyewe. Wakulima waliokuwa wakitegemea vyama hivyo walikaa miaka bila chombo chao.

Kufungua si kuvunja. Afunguaye hupima kila kipande, akabadili kilichokwisha na kurudisha kilicho kizima mahali pake. Avunjaye hutupa vyote, kisha hununua upya hata alichokuwa nacho. Lakini mtu hawezi kufungua asipokubali kwanza kuona ubovu, awe mbele ya injini au mbele ya vitabu vya hesabu.

Injini iliporudishwa, boliti za hedi zilikazwa kuanzia katikati kwenda pembeni, kwa kipimo. Safari za kwanza hazikuwa na mzigo mzito, na oili ilimwagwa mapema ili itoke na unga wa chuma wa vipande vipya vinavyozoeana. Kisha gari likapanda Tukuyu na magunia yake, wala halikutoa moshi.

Tangu siku hiyo daftari la gari husomwa kwa sauti katika kila kikao cha halmashauri, kabla ya sahihi yoyote. Mwanachama yeyote anayetaka kulitazama na afike ofisini. Aulize kama alivyouliza yule mzee, nasi tumjibu kwa vipimo.